Joseph Cardijn: Padri Aliyetufundisha Kuona, Kuamua na Kutenda



Kikundi chochote ambacho kimewahi kuhudhuria semina ya parokia au ya ofisi ya maendeleo ya jimbo kimesikia maneno haya matatu: Kuona, Kuamua, Kutenda. Tunayasema katika jumuiya ndogo ndogo, tunayaandika kwenye karatasi kubwa ukutani, halafu tunakunywa chai na kwenda nyumbani. Wengine hudhani ni maneno ya wafadhili. Wengine husema ni ya maaskofu. Ukweli ni kwamba maneno haya yana mwenyewe, na yalianza kwa wasichana washonaji wa nguo na vijana wa viwandani, watu wasio na mali na wasiohesabiwa na mtu. Toleo hili tutaeleza mwenyewe huyo alikuwa nani, na kwa nini kikundi kinachoruka hatua moja kati ya hizo tatu hakifiki mbali.

Mtoto wa muuza makaa

Joseph Cardijn alizaliwa tarehe 13 Novemba 1882 huko Schaerbeek, karibu na mji wa Brussels, nchi ya Ubelgiji. Alilelewa katika mji mdogo wa Halle, ambako baba yake aliuza makaa ya mawe. Hawakuwa maskini wa kuomba, lakini kila mkate uliokuja mezani ulikuwa na jasho lake. Wakati huo Ubelgiji ilikuwa imejaa viwanda na migodi. Mtoto wa mfanyakazi akimaliza shule ya msingi, anaingia kiwandani. Ilikuwa ni desturi tu, kama vile kwetu ilivyokuwa mtoto kuachishwa shule akachunge.

Baba yake Joseph naye alitarajia hivyo: kijana akue, ashike kazi, asaidie nyumbani. Lakini Joseph aliomba aendelee kusoma ili awe padri. Wazazi walikubali, na baba mtu mzima akaongeza kazi juu ya kazi ili apate karo. Wazazi wanaosoma habari hii hawahitaji kuelezwa jambo hilo lina uzito gani.

Joseph akaenda seminari ndogo ya Mechelen. Aliporudi likizo akawatafuta wale vijana aliosoma nao utotoni, ambao sasa walikuwa wafanyakazi wa viwanda. Alidhani watafurahi kumwona. Kumbe walimtazama kama mtu wa upande mwingine. Machoni pao, aliyevaa nguo za seminari alikuwa amejiunga na matajiri. Hawa ni vijana waliopokea Komunyo ya Kwanza pamoja naye! Miaka michache tu ya kiwanda ilikuwa imewatoa katika imani, imewachosha mwili, na kuwafunza kwamba Kanisa si lao.

Jambo hili lilimchoma. Halafu mwaka 1903 baba yake akafariki, amechoka kwa kazi. Kando ya kitanda cha baba yake, Joseph aliweka nadhiri moyoni kwamba upadri wake wote atautoa kwa ajili ya wafanyakazi. Alipewa daraja ya upadri mwezi Septemba 1906, na nadhiri ile hakuiacha hadi alipokufa zaidi ya miaka 60 baadaye.

Alianza kwa kuuliza

Padri huyu kijana alikwenda kusoma mambo ya jamii katika chuo kikuu cha Leuven, kisha akafundisha seminarini kwa miaka kadhaa. Wakati wa likizo alisafiri kwenda kuwaona wafanyakazi wa nchi nyingine. Mwaka 1911 alikuwa Uingereza, akakutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, miongoni mwao Ben Tillett, aliyekuwa kiongozi wa watu wa bandarini. Hakwenda kuwahubiria. Alikwenda kuuliza wanafanyaje.

Mwaka 1912 akatumwa parokia ya Laeken, Brussels. Huko alipewa kazi ya kuangalia mambo ya akina mama na wasichana. Wengi wao walikuwa washonaji, wasichana wa karakana, na wanafunzi wa kazi waliolipwa kidogo sana. Hapo ndipo penye somo letu.

Mtu mwingine angewajengea jumba la mikutano, awaletee msaada wa nguo, awape mawaidha kila Jumapili. Padri Cardijn aliwapa maswali. Unaanza kazi saa ngapi? Unalipwa kiasi gani, na nani alipanga? Mahali unapofanyia kazi kukoje? Wenzako wanazungumza nini wakati wa kula? Msichana mpya akija siku ya kwanza, anapokewa vipi? Kila msichana alirudi karakanani kwake akachunguza mwenyewe, akauliza wenzake, akaleta majibu mkutanoni.

Mnaona jambo lililofanyika hapo? Yule msichana ambaye kazi yake ilikuwa kuamrishwa tu, sasa ndiye mwenye habari. Padri mwenyewe ndiye anayesikiliza. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Padri Cardijn alijua hakulala katika kitanda kile, basi akawauliza waliolala.

Wakishapata habari, walijiuliza: Je, hivi ndivyo Mungu alivyotaka mtoto wake aishi? Na ikiwa sivyo, sisi wenyewe tutafanya nini juma hili? Jambo la kufanya lilikuwa dogo mara nyingi: kumsindikiza msichana mgeni, kumtembelea mgonjwa aliyekatwa mshahara, kwenda watatu pamoja mbele ya msimamizi badala ya mmoja peke yake.

Chama kinazaliwa

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Wajerumani waliikalia Ubelgiji. Padri Cardijn alisema waziwazi dhidi ya kuwachukua wafanyakazi wa Ubelgiji kwa nguvu kwenda kufanya kazi Ujerumani. Alifungwa mara mbili. Gerezani hakukaa bure: alisoma, akaandika mipango ya chama alichotaka kukianzisha.

Baada ya vita alikusanyika na vijana wachache, kati yao Fernand Tonnet, Paul Garcet na Jacques Meert. Tonnet na wenzake hawakuwa mapadri. Walikuwa walei, vijana wa kazi. Mwaka 1924 walikipa chama jina la Vijana Wafanyakazi Wakristo, ambacho kwa Kifaransa hujulikana kwa herufi JOC, na mwaka 1925 kikawa chama cha nchi nzima.

Si wote waliofurahi. Wakubwa wengine wa Kanisa huko waliona vijana wote Wakatoliki wakae katika chama kimoja, wasomi na wafanyakazi pamoja. Padri Cardijn alijua kitakachotokea: msomi ndiye atakayeongea na mfanyakazi ataleta viti. (Wale akina mama ambao kikundi chao kimeingiliwa na mheshimiwa wanaelewa.) Mwaka 1925 alikwenda Roma, akaonana na Papa Pio XI, na Papa akabariki kazi yake. Tangu hapo chama kikaenea Ufaransa na nchi nyingine nyingi.

Mwendo wake ulikuwa huu: kazi ifanyike kati ya vijana wafanyakazi, kwa mikono ya vijana wafanyakazi wenyewe, kwa ajili yao. Alipenda kusema kwamba kijana mmoja mfanyakazi ana thamani kupita dhahabu yote ya dunia, kwa sababu ni mtoto wa Mungu.

Gharama yake

Tusidhani mambo yalikuwa rahisi. Katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, polisi wa Hitler walimkamata tena Padri Cardijn, wakamweka gereza la Saint-Gilles, Brussels. Yeye alitoka. Fernand Tonnet na Paul Garcet, wale walioanza naye, hawakurudi. Wote wawili walikufa mwanzoni mwa mwaka 1945 katika kambi ya Dachau, Ujerumani, miezi michache tu kabla vita havijaisha.

Baada ya vita Padri Cardijn alisafiri Afrika, Asia na Amerika akitembelea vijana. Mwaka 1957 vijana wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka pande zote za dunia walikutana Roma. Mwaka 1965 Papa Paulo VI alimfanya Kardinali, na katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano akasimama kusema juu ya vijana na wafanyakazi. Alifariki tarehe 24 Julai 1967 akiwa na miaka 84, akazikwa Laeken, parokia ile ile ya wale washonaji. Mwaka 2014 Kanisa la Ubelgiji lilifungua uchunguzi wa kumtangaza mwenye heri.

Yalivyofika kwetu

Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra, aliandika kwamba mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yatekelezwe kwa hatua tatu: kuona hali, kuipima, na kutenda. Kwa hiyo maneno ya mikutano ya washonaji yakawa mafundisho ya Kanisa lote. Mtaguso nao, mwaka 1965, ukayatumia ulipoeleza jinsi walei wanavyopaswa kufundishwa.

Mwaka 1976 maaskofu wa nchi zetu, katika mkutano wa AMECEA uliofanyika Nairobi, waliweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo mbele ya kazi zote za uchungaji. Humo ndimo mwendo huu ulipata makao. Na tangu mwaka 1974, hapa Kenya, wanawake wawili walei, Anne Hope na Sally Timmel, walikuwa wameanzisha mafunzo yaliyoitwa DELTA. Walichanganya mafundisho ya Paulo Freire wa Brazil na mafundisho ya Kanisa, wakatumia picha na maigizo ili watu wa kijijini waanze kusema shida zao wenyewe. Wazee wengi wa vikundi vyetu walipitia DELTA au walifundishwa na aliyepitia. Na majirani zetu Tanzania wanalo jina la VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi.

Tuchukue mfano wa gunia la viazi

Maneno peke yake hayashibishi. Tuchukue jambo linalowaumiza wakulima wetu wa Nyandarua, Meru, Molo na kwingineko: lumbesa. Hii ni gunia la viazi linaloongezwa shingo juu hadi linafanana na mnara.

Kwanza, Kuona. Kikundi kisianze na kelele ya kwamba mabroka ni wezi. Kianze na mizani na daftari. Pimeni magunia kumi ya wanakikundi kabla hayajapakiwa. Tuseme mmekuta kila gunia lina kilo 140, na broka analipa bei ile ile aliyowalipa majirani waliojaza kilo 110. Basi kwa kila gunia mmempa kilo 30 za bure. Kwa magunia kumi ni kilo 300, sawa na magunia sita ya kilo 50. Hizo ni karo za mtu. Halafu ulizeni: Nani anajaza gunia, sisi au kijana wa broka? Kwa nini tunakubali? Wengine watasema karo inadaiwa. Wengine, viazi vitaoza kwa sababu hatuna stoo. Mwingine atasema ukweli mchungu: nikikataa mimi, jirani atauza.

Pili, Kuamua. Hapa si kupiga kura. Ni kupima jambo kama hakimu anavyopima kesi. Someni nabii Amosi sura ya 8, mwone Mungu anavyowakasirikia wanaopunja vipimo. Someni pia Kumbukumbu la Torati sura ya 25. Kisha sikilizeni sheria ya nchi: kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Kwa hivyo lumbesa ni dhambi na tena ni kosa la sheria. Lakini msiishie kwa broka. Jiulizeni nanyi: Je, kuna kati yetu anayeficha viazi vibovu chini ya gunia? Kikundi kisichojipima chenyewe hakina nguvu ya kumpima mwingine.

Tatu, Kutenda. Chagueni jambo dogo ambalo linawezekana, lenye mtu wa kulifanya na siku ya kulifanya. Tuseme nyumba kumi na mbili zimekubaliana kuvuna juma moja, kununua mizani moja kwa mchango, na kuuza kwa kilo tu. Watu wawili wanaenda kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya mavuno. Mwandishi anaweka daftari.

Inawezekana broka akapita bila kusimama, akaenda kijiji cha pili. Je, mmeshindwa? Hapana, mmeona jambo jipya: kijiji kimoja hakitoshi. Basi mnarudi hatua ya kwanza, safari hii pamoja na kijiji cha pili. Padri Cardijn alielewa hivyo. Baada ya kutenda unaona tena, na kila mara unaona zaidi.

Vikundi vinapokwama

Katika kazi yetu ya kutembelea vikundi, tunaona makosa matatu yanayorudi rudi.

Kosa la kwanza ni kuanza na Kutenda. Mtu amesikia kuna pesa za kuku, basi kikundi kinakuwa cha kuku. Kesho ni za nyuki, kinakuwa cha nyuki. Hakuna aliyeuliza kuku watakula nini au mayai yatauzwa wapi. Banda linabaki, kuku hakuna.

Kosa la pili ni kukaa kwenye Kuona. Hawa ni wale wa semina. Wanaweza kuorodhesha shida ishirini bila kupumua, na mwaka ujao orodha ni ile ile.

Kosa la tatu, na ndilo baya zaidi, ni kuachia mtu mwingine hatua ya Kuamua. Mwenyekiti anaamua, au padri, au sisi wafanyakazi wa maendeleo, au mfadhili. Wanakikundi wanabaki kupiga makofi na kuchimba mtaro. Mradi wa namna hiyo hata ukifaulu si wa kikundi, na pampu ikiharibika watu watasema, waiteni wenyewe waje waitengeneze. Padri Cardijn angeweza kuwaamulia wale wasichana wa Laeken. Alikuwa na elimu na cheo. Alikataa kwa makusudi, maana alijua mtu aliyeamuliwa kila siku kiwandani hawezi kuwa huru kama akija kanisani anaamuliwa tena.

Tunajua vikundi vingi havina vijana wasomi, na wengine wanasema, sisi tutaona nini na hatukusoma? Jibu liko kwa wale washonaji. Kusoma kunasaidia kuandika daftari, lakini bei ya viazi, njaa ya mwezi wa tano, na maji yanayopatikana baada ya saa mbili za kutembea, hayo anayajua anayeyaishi. Hakuna afisa anayeyajua kumpita mama anayebeba mtungi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Someni habari hii kwa sauti, kisha gawanyikeni watu wanne wanne. Wasiopenda kusema mbele ya wengi waanze.

1. Wale rafiki zake Joseph walimwona kama mtu wa upande wa matajiri. Je, kuna watu kijijini kwetu wanaoona kikundi chetu si chao? Ni akina nani, na kwa nini?

2. Mradi tulio nao sasa, nani aliuchagua? Tulichunguza nini kabla ya kuanza?

3. Chagueni shida moja tu. Ni maswali gani matano ambayo kila mmoja anaweza kwenda kuuliza juma hili, na majibu yataandikwa na nani?

4. Ni jambo gani dogo tunaloweza kulifanya kabla ya mkutano ujao bila pesa ya kutoka nje?

Majibu ya swali la tatu yawekwe katika daftari la kikundi. Mfanyakazi wa maendeleo akiwatembelea, msimpe hotuba ya kumkaribisha. Mpeni hilo daftari alisome.